Saa 72 na Njia ya Kwenda Mjini

Mtu akiumwa na nyoka shambani, hakuna mwenzake anayesimama kumwuliza alikuwa akitafuta nini penye majani marefu, wala miguuni alivaa nini. Watu humbeba mgongoni au humpandisha juu ya baiskeli, wakaenda naye mbio mpaka zahanati; na mwenye pikipiki akiombwa, hataji nauli kwanza. Kijiji kizima chajua ya kuwa sumu haingoji. Sasa na tumtazame binti aliyekamatwa kwa nguvu njiani akitoka kisimani, au mama aliyepigwa na mumewe hata mkono ukavunjika. Hapo mbio hukoma. Huanza maswali, na baada ya maswali huanza vikao, na baada ya vikao huja ushauri wa kungoja mpaka kesho, mzee fulani arudi safari. Kesho huzaa kesho nyingine.

Leo twataka kuzungumza na wasomaji wetu juu ya kungoja huko, kwa kuwa katika jambo hili saa huhesabiwa kama zinavyohesabiwa kwa mtu aliyeumwa na nyoka.

Waganga wametufundisha ya kuwa mtu aliyebakwa huweza kukingwa asipate virusi vya UKIMWI, kama akianza kumeza dawa kabla ya saa 72 kupita tangu alipotendewa, akaendelea kuzimeza siku 28 bila kukatiza. Na mapema ndiyo bora: dawa ya saa 2 hushinda dawa ya saa 20, nayo ya saa 20 hushinda ile ya saa 70. Zikiisha saa hizo 72, dawa hiyo haina kazi tena. Kwa mimba isiyotakiwa muda ni siku 5, lakini huko nako kila siku ipitayo hupunguza nguvu ya kidonge. Ushahidi nao huondoka upesi: maji ya kuoga huuchukua, sabuni ya kufulia huuchukua, na nguo zilizofungwa mbichi ndani ya mfuko wa plastiki huharibika hata zisimfae tena mpimaji. Nguo hizo zafaa kukaushwa na kufungwa kwa karatasi. Mambo haya si siri ya madaktari. Lakini ni mama wangapi huko vijijini walioyasikia kabla hayajawapata? Kwa kuwa jambo la kwanza ambalo mama mwenye huruma humfanyia mwanawe katika saa hiyo ni kumchemshia maji aoge.

Tuchukue mfano, nao ni mfano tu. Hatumsemi mtu wala kijiji. Binti wa miaka 14 anaishi kilomita 45 kutoka mji wa wilaya. Ametendewa ubaya Jumamosi, saa 12 jioni. Saa 3 usiku mama yake ametambua, naye baba asema usiku hauna njia, tungoje kuche. Jumapili mwenyekiti wa kitongoji yuko msibani. Anapatikana alasiri, naye, kwa kufuata taratibu, asema jambo hili ni kubwa, liende kwa mtendaji wa kijiji. Mtendaji alikwenda mjini tangu Ijumaa. Jumatatu asubuhi amerudi, ameandika barua na kuipiga mhuri, na kuwaambia waende kituo cha polisi wakapate fomu. Basi la kwenda wilayani ni moja, nalo liliondoka saa 11 alfajiri. Wanalala. Jumanne wanawahi basi, wanafika kituoni saa 3 asubuhi, na askari wa dawati amekwenda mahakamani kutoa ushahidi katika shauri la mtu mwingine. Saa 8 mchana wana fomu mkononi. Hospitalini wanapanga foleni pamoja na wenye malaria na wenye meno. Na ifikapo saa 12 jioni, binti yetu akiwa bado amekaa juu ya benchi akitazama mlango, saa 72 zimetimia.

Tafadhali msomaji arudie mfano huo aone. Hakuna hata mmoja katika safari ile aliyekataa kumsaidia. Hakuna aliyedai rushwa, ingawa twajua ya kuwa wapo wanaodai. Mwenyekiti alitenda kazi yake, mtendaji alitenda kazi yake, askari alikuwa kazini. Kila mlango ulifunguliwa, ila ulifunguliwa mmoja baada ya mwingine, na kati ya mlango na mlango palikuwa na usiku.

Hatusemi haya kana kwamba nchi imelala. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikwisha kutamka zamani ya kuwa hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Mwaka 1998 ilikuja sheria ya makosa ya kujamiiana, ambayo kwayo mbakaji hufungwa miaka 30 au zaidi, na aliyemharibu mtoto wa chini ya miaka 10 hufungwa maisha. Mwaka 2009 ilikuja Sheria ya Mtoto. Mwaka 2017 Sheria ya Msaada wa Kisheria iliwatambua wasaidizi wa kisheria, wale ndugu na dada wanaokaa vijijini na kumwandikia maskini hati yake bila malipo. Katika vituo vya polisi yako Madawati ya Jinsia na Watoto, nayo yamepita 400. Katika baadhi ya hospitali viko vituo vya Mkono kwa Mkono, ambamo mtu humkuta mganga, askari, afisa ustawi na mshauri chini ya paa moja, asilazimike kusimulia aibu yake mara nne katika majengo manne. Iko simu namba 116 kwa ajili ya mtoto, ambayo haitozwi senti. Na uko mpango wa taifa uitwao MTAKUWWA, ulioanza mwaka 2017, ambao ulitaka pawe na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto hata katika kijiji.

Wala juhudi hizo hazikwenda bure. Katika uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015-16, wanawake 40 katika kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 49, walisema wamekwisha kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 walikuwa 27. Waliosema wamekwisha kutendewa ukatili wa kingono walikuwa 17 katika kila 100 hapo kwanza, kisha 12. Twafurahi, lakini furaha yetu ina kiasi, maana 27 katika 100 ni zaidi ya mmoja katika kila wanne wanaokutana kisimani. Na uchunguzi wa mwaka 2009 juu ya watoto ulionyesha ya kuwa wasichana karibu 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Twaomba wazazi waisome tena ile ya wavulana, kwa sababu hao hawasemwi kabisa, nao wenyewe hawasemi.

Basi taabu iko wapi? Taabu ni kwamba karibu kila chombo tulichokitaja kinakaa mjini. Dawati liko kituo kikuu. Kituo cha Mkono kwa Mkono kiko hospitali ya wilaya au ya mkoa, na hesabu ya vituo hivyo ni ndogo kuliko hesabu ya wilaya. Vijiji vya nchi hii vimepita 12,000. Nauli ya pikipiki kwa safari ya kilomita 45 huweza kupita bei ya debe la mahindi, nayo hutakiwa taslimu, usiku, kutoka kwa mama ambaye fedha ya nyumba haiko mkononi mwake. Pengine imo mkononi mwa yule yule aliyempiga.

Tuseme sasa juu ya hiyo fomu, maana ndiyo inayotajwa kuliko kitu kingine chochote. Watu huiita PF3. Ni karatasi ya polisi: askari huandika sehemu yake, na mganga huandika aliyoyaona katika mwili wa mgonjwa. Kazi yake ni kupeleka habari ya jeraha mahakamani. Lakini kwa miaka mingi imeaminiwa vijijini, na hata na baadhi ya wauguzi, ya kuwa ndiyo tikiti ya kutibiwa. Asiye nayo hapokelewi. Hapo ndipo twaona gari limefungwa mbele ya ng'ombe. Hakuna mtu aliye timamu ambaye angemwambia aliyeumwa na nyoka aende kwanza akalete karatasi ya kuthibitisha nyoka. Matibabu na yaanze, mganga aandike katika daftari lake aliyoyaona pamoja na tarehe na saa, na fomu ifuate. Yafaa pia kila mwananchi ajue ya kuwa fomu hiyo haiuzwi.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Karatasi hiyo, pamoja na heshima yote inayopewa, siyo nguzo pekee ya kesi. Mahakama ya Rufani katika uamuzi wa mwaka 2006 ilieleza ya kuwa katika kesi ya kubakwa ushahidi ulio wa kweli ni ule wa aliyetendewa mwenyewe. Akiaminiwa, neno lake latosha. Kwa upande mwingine ziko kesi ambazo PF3 ilipatikana kwa taabu kubwa, kisha ikaondolewa katika kumbukumbu kwa sababu haikusomwa kwa sauti baada ya kupokelewa, au mshtakiwa hakuelezwa haki yake ya kutaka mganga aitwe aulizwe. Hatuwalaumu majaji, kwa kuwa haki ya mshtakiwa nayo ni haki, na sote twaweza kusingiziwa. Twasema tu kwamba binti asipoteze saa zake 72 akiikimbilia karatasi ambayo huenda hata isimfae.

Na dawa zenyewe ziko wapi? Hapa ndipo tulipostaajabu tulipoulizauliza. Dawa za kumkinga aliyebakwa hazitofautiani na zile anazomeza kila siku mtu anayeishi na virusi. Na zahanati nyingi za vijijini huwahudumia kina mama wajawazito wenye virusi ili watoto wao wazaliwe salama. Yaani katika vijiji vingi dawa imo kabatini, hatua chache kutoka nyumbani kwa binti wetu, wakati yeye analala siku tatu njiani akiitafuta mjini! Linalopungua ni muuguzi aliyefundishwa kazi hiyo, mwenye kipimo, mwenye idhini iliyo wazi, tena mwenye moyo wa kutokuogopa kwamba ataitwa mahakamani. Kumfundisha muuguzi mmoja ni jambo la siku chache. Kujenga hospitali ni jambo la miaka.

Lakini tutakuwa waongo tukiutupa mzigo wote juu ya barabara na kabati. Katika uchunguzi ule wa taifa, wengi wa wanawake waliotafuta msaada walikwenda kwanza kwa jamaa zao wenyewe; waliofika polisi walikuwa wachache, na waliofika kwa mganga wachache zaidi. Kwa hiyo mlango wa kwanza kabisa ni ukoo. Na ukoo una desturi yake: tuyamalize nyumbani. Wazee hukaa chini ya mti, husikiliza, huona haya, kisha hutoza faini ya mbuzi au ng'ombe au fedha. Twawaheshimu wazee, nasi wenyewe tumelelewa na mabaraza yao. Katika ugomvi wa mipaka na mazao yaliyoliwa na mifugo hatujaona mahali palipo na hekima kuliko pale. Lakini na tuulize swali moja tu: ng'ombe yule huingia zizini mwa nani? Huingia zizini mwa baba. Binti hapati hata kwato. Yeye hupata kukutana na mtu yule yule kisimani wiki ijayo, akimtazama kwa macho ya mtu aliyekwisha kulipa deni lake. Ubakaji ni kosa la jinai, na baraza la ukoo halina mamlaka ya kulisamehe, kama lisivyo na mamlaka ya kusamehe uuaji.

Habari ya mke anayepigwa ni ngumu zaidi, na wanaoizungumza wakiwa mjini huipitia juu juu. Mara nyingi mama huyo hataki mumewe afungwe. Mume akifungwa nani atalima, nani atalipa ada, na ndugu za mume watamtazamaje? Anataka kipigo kikome. Anataka usiku mmoja wa kulala bila hofu, na mtu wa kumweleza kama shamba lile ni lake au si lake akiondoka. Ukimwambia kuna njia moja tu, ya kituo cha polisi, atarudi nyumbani na kukaa kimya mpaka atakapobebwa. Kwa mama huyu msaidizi wa kisheria aliye kijijini, anayejua sheria ya ndoa na anayeweza kwenda naye kwenye baraza la usuluhishi au mahakamani kudai matunzo, huenda akafaa kuliko gari la polisi. Lakini mkono ukivunjika, au panga likionyeshwa, hapo hapana tena usuluhishi.

Je, yuko aliyekwisha kujaribu kuifupisha njia hii? Wapo. Katika mkoa wa Mara, msimu wa ukeketaji unapokaribia mwezi wa Desemba, wasichana hukimbia makwao, wengine usiku, wengine bila viatu, kwenda katika nyumba salama kama ile ya Mugumu wilayani Serengeti na ile ya Masanga wilayani Tarime. Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 umekatazwa na sheria tangu mwaka 1998. Bi Rhobi Samwelly, anayejulikana sana kwa kazi hii huko Mugumu, alikeketwa yeye mwenyewe akiwa mtoto, akaponea chupuchupu. Taabu ya huko ilikuwa hii: msichana au jirani hupiga simu kusema kesho kuna ukeketaji kijiji fulani, na askari wa dawati yuko tayari na gari analo, lakini hakuna ajuaye njia ya kwenda huko gizani, kwa kuwa vijiji vingi havikuwamo katika ramani yoyote. Tangu mwaka 2015 watu wa kujitolea, wengine wakiwa nchi za mbali wasiowahi kuuona mkoa wa Mara, wamekuwa wakitazama picha zilizopigwa kutoka angani na kuchora barabara, vijia na nyumba, kisha wenyeji hutia majina. Sambamba na hayo wanawake wa vijijini walipewa simu na mafunzo, ili kila mmoja awe jicho na mdomo wa kijiji chake: apige simu, amsindikize msichana, ajue nani wa kuambiwa.

Tumelipenda jambo hili kwa sababu halikungoja mambo makubwa. Msichana hakuambiwa aende ofisini; ofisi ndiyo iliyofundishwa njia ya kwenda kwake. Wala kazi haikuishia kumficha. Msimu ukiisha wazazi huitwa, huzungumzwa nao, na walio tayari huweka sahihi ya kuahidi kwamba hawatamkeketa mtoto, ndipo arudi. Wako wasioahidi, na watoto wao hubaki katika nyumba ile. Hapo kuna chakula, godoro na ada kwa mwaka mzima, na nyumba salama haziendeshwi kwa pongezi.

Sasa twaomba nini? Twaomba kwanza Wizara ya Afya iseme wazi, kwa waraka unaobandikwa ukutani mwa kila zahanati, ya kuwa aliyebakwa apewe dawa ya kwanza hapo hapo, na safari ya mjini ije baadaye. Twaomba polisi kata apewe fomu za PF3 akae nazo, ili mtu asisafiri kilomita 45 kuifuata karatasi. Katika bajeti ya halmashauri na litengwe fungu dogo la nauli, linaloshikwa na kamati ya ulinzi ya kijiji, litakalotolewa usiku bila barua. Na kamati yenyewe iwe hai. Twafahamu ya kuwa mahali pengine kamati hiyo imo katika faili tu, na wajumbe wake hawajui kwamba ni wajumbe.

Nasi wa magazeti tuna letu la kukiri. Mara ngapi tumechapa habari ya kubakwa kwa kichwa cha maneno cha kuchekesha ili gazeti lipate kununuliwa? Mara ngapi tumelificha jina la binti kwa uangalifu, kisha tukataja jina la baba yake, la shule yake, darasa lake na kijiji chake, mpaka hakuna wa kata nzima asiyemjua? Mama aliyesoma au kusomewa habari ya namna hiyo atakapopatwa na lake atanyamaza, na kunyamaza kwake sisi tumekuwa na sehemu ndani yake. Katika ukurasa huu tumekubaliana kuacha.

Mkutano mkuu wa kijiji huitwa kila miezi mitatu, na kila mkazi mtu mzima ana haki ya kusema. Msomaji uliyeko kijijini, mkutano ujao usiishe kwa michango na mipaka peke yake. Simama umwulize mwenyekiti ni nani wajumbe wa kamati ya ulinzi, wasimame waonekane. Mwulize muuguzi kama dawa ya saa 72 imo kabatini na kama amefundishwa kuitoa. Mwulize pia ufunguo wa kabati hilo hukaa kwa nani siku ya Jumapili.